Injinia wa Rwamishenye na Mioyo ya Nguruwe

Mjini kwetu Bukoba mtu akiitwa Injinia, watu humwuliza habari za barabara. Yeye aliulizwa miaka yote. Kila alipopita Rwamishenye na mkoba wake mweusi begani, lazima atokee mtu wa kutaka kujua ni lini kile kipande cha kwenda Kahororo kitatiwa lami. Hakuchoka kuwajibu. "Barabara zangu mimi, waitu, ndugu zangu, zinaanzia pajani na kuishia moyoni." Wanaume walicheka hadi wakashika mbavu, wakidhani mama wa watu, mwenye mvi zake, anawatupia fumbo la kikubwa. Kumbe alikuwa anawaeleza kazi yake kama ilivyo.

Kazi yake ilikuwa kubuni vibanio vya kutia ndani ya moyo wa mtu. Alinieleza mara nyingi, nami nitaeleza kwa lugha yangu ya buchani. Ndani ya moyo kuna milango, wao wanaiita vali. Mmojawapo una ngozi mbili nyembamba zinazokutana katikati kila moyo unapopiga. Zisipokutana vizuri, damu inarudi ilikotoka, mapafu yanajaa maji, na mtu anaanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu tu. Kibanio kinazishika zile ngozi mbili katikati, kama unavyobana shuka kwenye kamba, ili damu isirudi nyuma. Na hakiingizwi kwa kupasua kifua. Kinapitishwa kwenye mshipa wa paja, kwenye ncha ya mrija mrefu, mpaka kufika moyoni. Alifanya kazi hiyo miaka mingi ughaibuni, akarudi kumuuguza mama yake Muleba, akamzika, na badala ya kurudi huko akapanga nyumba nyuma ya duka langu. Aliendelea kuwafanyia kazi walewale wa ng'ambo akiwa kwenye chumba chake cha uani.

Ukoo wake siutaji. Najua Wahaya wenzangu hapo ndipo mnapotaka kuanzia, lakini leo mtavumilia.

Mimi ni mwanamke ninayeuza kitimoto. Nilianza kumjua siku aliyokuja dukani kutaka moyo wa nguruwe, mmoja, mzima. Nilimwona mtu wa heshima, kavaa vizuri, anaongea taratibu, nikasema huyu nimfanyie kama ninavyomfanyia padri. Nikaupasua ule moyo, nikautoa damu iliyoganda, nikakwangua ndani, nikazing'oa zile nyuzi nyeupe na vile vingozi vyote vinavyokera mdomoni, nikauosha mpaka ukang'aa. Nikamfungia. Alifungua palepale, akaangalia, akavuta kiti akaketi.

"Mwanangu," aliniambia, "umenitolea kila nilichokuja kununua."

Nilidhani ananisimanga. Nikamjibu kwa ukali kwamba kwangu mteja hauziwi uchafu. Akacheka sana, cheko lake lile la kuziba mdomo kwa kiganja, kisha akainama kwenye ndoo yangu ya taka, akaviokota vile vingozi kimoja kimoja na kuvitandaza kwenye meza. Akanionyesha kwa kidole. Huu ndio mlango. Hizi nyuzi ndizo zinazoushikilia usipinduke. Nilikuwa nimekata mioyo kwa miaka kumi na kitu bila kujua kwamba ndani yake kuna mlango.

Tangu siku hiyo nilimwekea mioyo mizima. Haikuwa rahisi, maana mkaguzi wa nyama ana sheria yake: moyo lazima akate kutafuta minyoo. Injinia alikwenda mwenyewe machinjioni, amevaa makoti mawili kwa baridi ya alfajiri, akakaa na mkaguzi asubuhi nzima, wakakubaliana akate wapi ili nyama ikaguliwe na mlango ubaki. Yule mkaguzi ni mtu mgumu, hata mimi ananitoa jasho. Lakini baada ya hapo alikuwa akinipigia simu mwenyewe: "Mwambie Injinia leo kuna mmoja mkubwa, safi."

Lazima niseme kwa nini nilijitahidi hivyo, na si kwa sababu ya uungwana wangu. Mdogo wangu wa kike, anayekaa Kamachumu na kufundisha watoto wa chekechea, alikuwa na vali inayovuja. Madaktari wa moyo kule Dar walishamwambia afunguliwe kifua. Sisi nyumbani tulisikia neno kufunguliwa kifua tukaganda. Halafu anatokea mwanamke nyuma ya duka langu anayeziba vali bila kisu! Nilimwona kama jibu la sala ya mama yetu. Kila moyo niliomfungia, nilikuwa namfungia mdogo wangu.

Chumba chake cha uani kilikuwa na meza ndefu, taa yenye shingo, pampu ya maji iliyogugumia, na chombo cha kioo ambamo moyo wa nguruwe uliwekwa, ukajazwa maji, ukawa kama unapumua. Alikuwa na kamera ndogo ya kuchungulia ndani. Aliniita niangalie mara ya kwanza, nikaona zile ngozi mbili nilizokuwa nikizitupa ndooni zikifunguka na kufunga, zikifunguka na kufunga. Nilipiga ishara ya msalaba. Yeye ni Mlutheri, akanitania kwamba nguruwe wangu sasa amekuwa Mkatoliki.

Vibanio vyenyewe vilikuwa vidogo, mikono miwili ya waya na vijino ndani. Alikuwa na waya wa ajabu ambao ukiukunja ukautia kwenye maji ya moto unarudia umbo lake la kwanza. Aliutumia kama mchezo kwa wageni. Mchungaji wa Bilele alipomtembelea, alimkunjia waya, akautumbukiza kwenye kikombe cha chai ya mchungaji, ukafyatuka na kuwa kibanio. Mchungaji aliinywa ile chai kwa wasiwasi mkubwa.

Sokoni alikuwa ananunua vibanio vya nguo vya kila aina, vya mbao na vya plastiki, akavivunja vyote kutazama springi zake. Wauzaji walidhani ana nguo nyingi. Usemi wake mmoja niliusikia karibu kila juma: "Kubana kila mtu anaweza. Kazi ni kuachia." Daktari akikosea kushika, lazima kibanio kikubali kufunguka, kitoke, kishike tena, bila kuchana ngozi. Kwenye kuachia ndiko alikokwama kwa miezi. Vijino vikiwa vikali vinachana, vikiwa butu vinateleza. Nimemwona akishika na kuachia mara mia kwenye moyo mmoja, anaandika, anashika tena.

Alipima kila kitu. Mkobani alikuwa na venia kalipa ya chuma ya kupimia unene, ileile tuliyoiona kwenye maabara za sekondari, na aliitoa popote. Alipima unene wa chapati yangu. Alipima ndizi. Harusini alipima mshumaa wa keki, bibi harusi akadhani ni mila ya ng'ambo. Ukimpa jibu lolote alisema, "Pima tena," hata kama umemwambia saa.

Na bado mtu huyohuyo hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Mazishi alifika watu wanakunywa chai. Bomba la jikoni kwake lilivuja tangu alipohamia mpaka alipohama, na chini yake aliweka beseni la bluu ambalo nililimwaga mimi mara nyingi kuliko yeye. Nilimwambia, "Injinia, dunia nzima inakungoja uzibe mioyo, bomba lako linakuaibisha." Akanijibu kwamba bomba halina haraka. Mwingine angeona ni uvivu. Mimi niliona kwamba akili yake ilikuwa na chumba kimoja tu, na kile chumba kilikuwa na mpangaji.

Jambo lingine lililonishangaza: damu ya mtu hakuiweza. Mikono yake ilishinda ndani ya mioyo ya nguruwe, lakini siku niliyojikata kidole kwa panga la buchani, mimi ndiye niliyemshika yeye asianguke. Hospitali aliziogopa. Alisema ameingia vyumba vya upasuaji mara nyingi kwa sababu ya kazi, na kila mara alisimama karibu na mlango, akitazama kioo cha mashine tu, si mgonjwa. "Mimi namjua mtu kuanzia ndani," aliniambia. "Uso wake ndio unanitisha." Na moyo hakula maisha yake yote, wa ng'ombe wala wa kuku. Nikimpelekea nyama choma alichagua mbavu.

Mdogo wangu alimpenda. Alikuja dukani mara moja kwa mwezi, na Injinia aliacha meza yake, akaja kukaa naye kwenye benchi langu, katikati ya kelele za wateja na redio, wakatafuna punje za kahawa na kuzungumza habari za watoto wa chekechea. Alijua kwamba mdogo wangu ana shida ya moyo, maana mtu hahitaji shahada kuona pumzi ile. Lakini hakuuliza zaidi, na sisi hatukusema.

Hapa ndipo penye kosa letu, na nitalieleza kama lilivyo. Sisi tumelelewa hivi: mtu akikamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, huendi kusimama mlangoni kwake kumwuliza itaiva lini. Unangoja uitwe. Kumwuliza ni kumhimiza, na kumhimiza ni kumwambia kwamba humwamini. Basi tulingoja. Nyumbani tulikwisha kubaliana: mdogo wangu hatapasuliwa, atangoja kibanio cha Injinia. Barua ya hospitali ya Dar ilikaa ndani ya Biblia ya mama. Tulimwombea Injinia kila jioni, tukampelekea ebitoke, ndizi zetu za kupika, senene msimu ulipofika, na mioyo, na hatukumwambia kwamba tunamngoja yeye. Naye, kwa adabu hiyohiyo, hakuuliza mgonjwa anatibiwa wapi. Alidhani ana tarehe yake ya upasuaji. Mvua za vuli zikapita, za masika, za vuli tena, za masika tena.

Kisha mdogo wangu akaja siku moja amevimba miguu, akashindwa kupanda zile ngazi nne za dukani. Tulimbeba. Injinia alikuja mbio, na hiyo ni mara pekee niliyomwona akikimbia. Alimpepea, akamwuliza, "Mwanangu, tarehe yako ya Dar ni lini?"

Mdogo wangu akatabasamu. "Tarehe unayo wewe, Mama. Tunakusubiri wewe."

Hakuelewa. Akanitazama mimi. Nikamwambia kwamba sisi tunangoja kibanio, hatuna haraka, amalize kazi yake vizuri.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akaomba karatasi za hospitali. Nilituma mtu Kamachumu akaileta ile barua na picha za moyo siku ileile, naye hakuondoka kwenye benchi, hakunywa hata maji. Aliposoma alisoma mara mbili. Kisha akamshika mdogo wangu mikono yote miwili, akamwambia bila kuzungusha maneno:

"Kibanio changu hakikufai. Hata kingekuwa tayari leo, hakikufai. Mimi nabana ngozi laini za wazee zilizolegea. Zako zilikomazwa na ile homa ya utotoni, ile iliyokuumiza koo na magoti. Zimekuwa nene, zimejikunja kama jani la mgomba lililokauka. Nikizibana nitakuzibia njia kabisa. Wewe unahitaji vali mpya, na ya kuiweka ni kwa kisu. Na hiki cha kwangu bado kiko kwenye nguruwe tu. Hakijaingia kwa mtu hata mmoja."

Mdogo wangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Basi tumengoja nini?"

Injinia akanigeukia mimi, akanipandishia sauti mbele ya wateja. "Miaka miwili unaniletea mioyo ya nguruwe! Wa mdogo wako hukuutaja?"

Nami nina hasira zangu, kila mtu Rwamishenye anazijua. Nilimrudishia: "Na wewe injinia mzima, unayepima mpaka chapati, hukuuliza?"

Redio iliendelea kuimba. Niliona aibu kwa kilichonitoka, na naiona mpaka leo, ingawa kilikuwa kweli.

Yeye ndiye aliyepiga simu Dar, akatafuta madaktari aliowafahamu kwa kazi yake, akawaeleza kwa Kiingereza chake cha haraka. Yeye ndiye aliyetusindikiza kwenye ndege. Mtu anayezirai akiona damu alikaa na sisi kule kwa wiki tatu, kila siku kwenye benchi la nje karibu na geti la hospitali, kwa sababu ndani hakuweza, lakini kuondoka pia hakuweza. Siku ya upasuaji nilimkuta hapo na kibanio cha nguo cha mbao mkononi, anafungua na kufunga. Nilimwambia madaktari wametoka, wameweka vali ya chuma, moyo umeanza kupiga wenyewe. Alisema, "Asante, Mungu," kisha akainuka, akaenda uwanja wa ndege, akarudi Bukoba bila kumwona mgonjwa.

Nilidhani ni woga wa hospitali. Kumbe ulikuwa mwanzo wa kumkimbia mdogo wangu. Mdogo wangu alipona, akarudi darasani, akawa anakunywa vidonge vyake vya kuzuia damu isigande na kwenda kupimwa damu kama alivyoagizwa. Kila alipokuja dukani, Injinia alikuwa ametoka, au ana kikao cha mtandaoni, au anaumwa kichwa. Alimtumia salamu na ndizi. Alimshonea gauni. Kukutana naye, hapana. Mimi aliendelea kunichekea kama zamani, na mioyo alichukua, lakini sasa alikuwa anaishona ngozi zake kwa uzi mzito kabla ya kuipima. Alitaka kibanio kitakachofaa vali zilizokomaa kama za mdogo wangu. Alisema huko ng'ambo wagonjwa ni wazee, huku kwetu ni mabinti, na hakuna anayewabunia mabinti. Alihangaika na jambo hilo zaidi ya miaka miwili. Lilimkatalia. Kila alichobuni kiliziba njia. Mikono ikaanza kumtetemeka, na wale wa ng'ambo wakaamua kuendelea na kibanio cha wengine, cha vali laini. Alinionyesha barua yao, akaikunja vizuri, akaniambia, "Wana haki. Chao kinaachia vizuri." Mwezi huo akarudisha funguo za nyumba, akahamia Muleba kwenye kibanja cha migomba cha mama yake.

Mwaka jana mdogo wangu aliniambia, "Dada, Jumapili unanipeleka. Safari hii hatumpigii simu." Tukaenda baada ya misa. Tulimkuta barazani anamenya maharage mabichi. Alipomwona nani anafuata nyuma yangu, alitaka kusimama, maharage yakamwagika. Hakuwa na pa kwenda. Mdogo wangu alipiga magoti akamsalimu kama inavyopasa, kisha wakaokota maharage pamoja, wakaketi.

Ilikuwa saa nane mchana, hakuna upepo, hakuna redio wala jirani. Tuliongea habari za kahawa mwaka huu, na mazungumzo yakatuishia. Ndipo Injinia akaacha kumenya.

"Nyamazeni kidogo," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

Mimi nimeshaizoea ile sauti. Ni vali ya chuma ya mdogo wangu inapofunga, ndogo, kavu, haikosi. Kule dukani kwenye kelele huwezi kuisikia. Yeye alikuwa hajaisikia hata siku moja kutoka kwa mtu huyu. Alisogea kwenye mkeka, akapiga magoti kwa shida ya umri wake, akaweka sikio kwenye kifua cha mdogo wangu, juu ya gauni lile alilomshonea. Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, midomo ikitembea, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Inafunga," alisema. "Inafunga vizuri sana. Sikuitengeneza mimi."

"Lakini wewe ndiye uliyenipeleka, Mama."

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Mdogo wangu alimwekea mkono kichwani, kwenye zile mvi fupi. "Ulinichelewesha, na ukanipeleka. Vyote viwili. Sasa usiondoke tena. Sikiliza."